Kitabu cha pauni 2 kilivyonipeleka Islay

Kitabu nilikiokota Glasgow kwenye duka la mitumba kwa pauni 2. Ni cha zamani, kinaelekeza wiski za dunia nzima, Scotland imekula karibu nusu ya kurasa halafu Ireland, Marekani, Kanada, Japani, India kidogo. Afrika imebanwa mwisho kabisa, nusu ukurasa, na hiyo nusu yote ni Wellington kule Afrika Kusini. Mi nilikuwa na likizo ya siku 4 na nimechoka kusikiliza mvua chumbani, nikafungua sura ya Islay, kisiwa cha magharibi mwa Scotland, nikasoma eti wiski ya kule inanukia moshi, bandeji za hospitali na mwani. Mwani! Mimi mtu wa Tanga bana. Nikakata tiketi usiku uleule.

Safari yenyewe sina la kusema, basi mpaka bandari ya Kennacraig masaa matatu na ushee, kisha meli zaidi ya masaa mawili, chai kikombe kimoja kwa hela ambayo nyumbani unakula wali nyama na soda juu. Gesti ya Port Ellen, kijiji cha hukohuko Islay, ndo usiniulize. Pauni 95 kwa chumba ambacho ukifungua begi mlango haufunguki.

Asubuhi nikatoka na kitabu mkononi kama mlokole na Biblia yake. Kimeandika kiwanda cha wiski cha Port Ellen kilifungwa 1983 na hakitarudi tena, nikawa najiandaa kupiga picha magofu. Nakuta watu wanaingia kazini! Kumbe kimefunguliwa tena 2024. Sawa, nikasema, moja bila.

Kutoka pale kuna njia ya miguu pembeni ya barabara, inapita kiwanda cha Laphroaig, kisha cha Lagavulin, inaishia cha Ardbeg, kama kilomita 5 hivi, na vyote vitatu vinatazama bahari. Sasa kila gari linalopita dereva ananyoosha mkono kunisalimia. La kwanza nikadhani kanifananisha. La pili nikajikagua suruali. Kufika la sita nikaelewa kwamba ndo desturi ya kisiwa, nikaanza kupunga mpaka bega linauma, maana kwetu ukipita bila salamu unaulizwa umelelewa wapi, na mi Glasgow nina miaka minne jirani wa mlango wa pili hajawahi hata kunikoholea.

Kiwanda nilichoingia sikitaji. Kitabu kinasema ziara ni pauni 3 na unarudishiwa ukinunua chupa. Nikamwonyesha dada wa mapokezi ule ukurasa, akausoma taratibu, akamwita mwenzake naye aje aone, wakacheka wakanigeuzia bei yao ya leo, pauni 25, harudishiwi mtu. Nikalipa, ningefanyaje na mvua ishaanza.

Ndani kulikuwa kuzuri lakini. Shayiri inaloweshwa mpaka iote, halafu wanaikausha kwa moto wa piti, ule udongo mweusi wa majani yaliyooza miaka na miaka unaochimbwa kama matofali, na moshi wake ndo unaokaa kwenye kinywaji mpaka kinakufikia wewe mezani. Tukaonyeshwa vyungu vya shaba virefu kuliko nyumba yetu, mvuke unapanda unakutana na bomba la baridi unadondoka. Baada ya hapo lazima ilale kwenye pipa la mwaloni miaka 3 au zaidi, chini ya hapo sheria hairuhusu kuiita Scotch, yaani wiski ya Scotland. Mi nilikuwa natazama lile bomba tu. Kwetu nyuma ya mashamba nimeuona mtambo uleule, pipa la mafuta, mrija wa shaba, karai la maji ya kupoozea, na mzee mmoja anachungulia njiani polisi wasije. Gongo. Na kwenye sheria ya Tanzania gongo inaitwa moshi! Huku moshi unalipiwa pauni 25, kule moshi unakulaza lokapu.

Wakati wa kuonja nikawadanganya kwamba naendesha. Sheria ya Scotland ya pombe barabarani ni kali kuliko ya England, kwa hiyo dereva anafungiwa chake kwenye kachupa akanywe nyumbani. Kachupa nikakatia mfukoni kwa ajili ya mjomba.

Kurudi nikamkuta mzee kakaa kwenye ukuta wa mawe, mbwa wake miguuni, nikapumzika naye. Alishafanya kazi pale Port Ellen kwenye kiwanda kilichokuwa kikikausha shayiri ya viwanda vingi vya kisiwa, toka ujana. Akakiomba kitabu, akatoa kalamu, akaanza kukata. Hii bei siyo. Hii baa ilishafungwa. Huyu meneja alishakufa, masikini. Kafika pale kwenye bandeji za hospitali akaacha kalamu. "Hapa yuko sawa," akasema, "ila mimi sijui hospitali ya wapi." Akanielekeza nishuke ufukweni nikaokote mwani ninuse.

Nikashuka. Mweusi, mnene kama mkanda, umelowa. Nikanusa na, jamani, siyo ule. Wetu bibi alikuwa akiuanika juu ya makuti unakauka unatoa harufu ya chumvi na jua, huu una harufu ya baridi. Nikapanda kumwambia mzee kwamba aliyeandika kitabu hajafika Tanga. Akacheka, akanipa kalamu niandike pembeni mwenyewe. Nikaandika "mwani wa kwao, siyo wa kwetu", kwa Kiswahili, naye akataka nimsomee mara mbili.

Siku mbili zilizobaki meli ilifutwa kwa upepo, gesti ikanikamua pauni 95 nyingine, sitaki kukumbuka.

Desemba nikaenda nyumbani. Mjomba kanywa pombe za kila aina kwenye mwambao ule, nikamkabidhi kachupa na hotuba ndefu ya piti na mapipa na bahari. Akafungua, akanusa, akanitazama, akanusa tena.

"Mwanangu," akasema, "hii Dettol umetoka nayo Ulaya yote hiyo?"

Akakafunga, akakapeleka kwenye kabati la dawa. Nadhani kapo mpaka leo.