Malabar imekubali moto, hatimaye

Buni ya Monsooned Malabar AA, kahawa ya India yenye punje kubwa inayopigwa na upepo wa mvua kabla ya kuuzwa, ilikuwa ikinitesa; sasa imekaangika. Nimepasua punje kadhaa kwa kisu: kahawia moja toka ganda mpaka moyo. Nimefurahi kupita kiasi.

Shida yake inaanzia ghalani huko Mangalore, pwani ya magharibi ya India. Kuanzia Juni hadi Septemba buni hutandazwa kwenye maghala yaliyo wazi pembeni, ikapinduliwa kwa reki, kisha ikatiwa magunia yasiyojaa na kupangwa kwa nafasi ili upepo wa mvua upenye. Punje hunyonya unyevu, huvimba, uchachu karibu wote unakwisha. Zamani kazi hiyo ilifanywa na bahari yenyewe, meli za matanga zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema kwenda Ulaya. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa 1869 safari ikawa fupi, na ladha ile ikatafutiwa njia nyingine.

Sasa ukaange kitu kama hicho! Rangi inadanganya, maana inaingia motoni tayari ni ya manjano. Mpasuko wa kwanza, ule mlio wa punje unaokuambia kahawa inaanza kuiva, ni hafifu, na ukikaangia kwenye mashine ya bisi, kwa kelele zile, husikii kitu. Tena punje ni nyepesi, zinarushwa juu na makapi yake: nje mkaa, ndani zinanuka nyasi. Kipimajoto cha miale kinachosifiwa na kila mtu hupima uso tu, na uso wa Malabar ndio muongo mkubwa.

Kilichofaulu ni kikaango kizito cha chuma, gramu 150 tu, moto mdogo tangu mwanzo, mwiko hautulii. Sikuongeza moto mpaka harufu ya gunia bichi ilipogeuka ya mkate. Nikaepua, nikapima: gramu 126. Uzito uliopungua ndio unaonionyesha imekaangika kiasi gani, na kwa buni hii naamini mizani kuliko macho. Bei ya mizani ni ndogo pia.

Kwenye mdila imetoka nzito, ina uchokoleti na harufu ya udongo. Mzee mmoja wa kijiweni alimaliza kikombe akaniuliza, "Mwanangu, mbona haiumi ulimi? Umetia nini?" Sijatia kitu, mzee wangu.

Mpango ulikuwa sasa nichanganye na chikori, mzizi uliokaangwa na kusagwa, wanavyokunywa India ya kusini. Chikori ingoje. Upepo unaovimbisha buni ile ni kusi yetu hii hii, ikishavuka Ikweta na kuelekea pwani ya Malabar. Kwa nini nisijaribu hapa Tanga na robusta ya Kagera? Wahindi wenyewe wanayo Monsooned Robusta. Kikwazo ni kwamba kule kusi inafika na mvua, huku masika yanakuwa yameshakatika. Itabidi nianze Aprili, kibarazani, gunia nusu, nikilimwaga na kulijaza upya kila baada ya siku chache. Ukungu ukiota, lote linakwenda kwenye mboji.