Igunga 2011 na zile kura elfu tatu

Kila ukisikia uchaguzi mdogo watu wanataja Arumeru Mashariki, sawa, ila mi nasema Igunga ndo ilikuwa mechi. Rostam Aziz, mbunge wa CCM wa Igunga, kaachia ubunge Julai 2011, kasema kachoka na siasa uchwara, kipindi kilekile CCM wako bize na kujivua gamba, yaani kuwatosa viongozi wanaotuhumiwa ufisadi, basi jimbo la wakulima wa pamba na wafugaji kule Tabora likageuka uwanja wa vita, helikopta juu, mabango chini, viongozi wa kitaifa karibu wote wamehamia huko.

Matokeo ya Oktoba 2: Dk. Dalaly Kafumu wa CCM 26,484, Joseph Kashindye wa Chadema 23,260. Tofauti 3,224 tu. Na hapo kumbuka CUF ndo walikuwa wa pili 2010, safari hii wameambulia kama elfu mbili hivi, yaani wamemezwa wazima wazima.

Sasa kinachonishangaza mimi sio hizo elfu tatu. Daftari la wapiga kura lilikuwa na watu zaidi ya 170,000 na waliopiga kura hawafiki hata 55,000! Zaidi ya laki moja hawakutokea, halafu vyama vinagombania elfu tatu. Wengine watasema watu wamechoka siasa, sawa inawezekana, ila daftari lenyewe ni la 2010, aliyetimiza 18 baada ya hapo hayumo, aliyepoteza kadi ndo basi tena, na mfugaji akishahama na ng'ombe kufuata malisho unategemea arudi kituoni kwa ajili ya kura moja? Hao ndo wangeamua, sio helikopta.

Alafu ikaja kesi. Agosti 2012 Mahakama Kuu ikafuta matokeo, na moja ya hoja ilikuwa daraja la Mbutu, kwamba Magufuli akiwa waziri wa ujenzi kalitumia jukwaani kuombea kura, kukawa na ishu ya mahindi ya msaada pia. Ukiwa mpiga kura wa upande wa Mbutu, mvua zikinyesha huvuki, waziri anakuja anakwambia daraja linakuja, hivi hiyo unaiitaje, ahadi au rushwa? Mi naona ni rushwa iliyovaa suti. Mahakama ya Rufani haikukubali, ikamrudishia Kafumu ubunge wake.

Daraja lenyewe lilijengwa kweli, tena na wakandarasi wazawa.