Ninavyolinda siri ya mgonjwa kwenye kazi ya ambulensi

Daktari ana mlango wa kufunga. Nesi wa wodini ana pazia la kuvuta. Sisi wa ambulensi mgonjwa wetu tunamkuta chini sokoni Kongowea, au kando ya matatu iliyopinduka, au sebuleni kwake huku mama mkwe, mashemeji na watoto wa jirani wamemzunguka. Na maswali tunayopaswa kumuuliza papo hapo ni yale ambayo mtu hamjibu hata ndugu yake wa tumbo moja: Una mimba? Unatumia dawa gani? Umemeza nini?

Nafanya kazi hii Mombasa, mji ambao mtu akiugua Majengo asubuhi, Mji wa Kale wanajua kabla ya adhuhuri. Mafunzoni tuliambiwa tutunze siri, na wote tulikubali. Nilipoingia kazini nikaona kwamba siri nyingi hazitolewi na mtu mbaya anayesengenya. Zinatoka kwa swali lililoulizwa mahali pasipofaa, kwa fomu iliyosahauliwa kitini, kwa redio iliyofunguliwa sauti. Unaweza kunyamaza kabisa na siri ya mgonjwa ikazagaa vilevile. Kwa hiyo nikaacha kuhangaika na ulimi peke yake, nikaanza kupanga upya namna ninavyofanya kazi.

Kwanza niliyagawa maswali mafungu mawili. Lipo fungu lisiloweza kungoja: anapumua vipi, ana kisukari, kuna dawa inayomdhuru, ameumia wapi. Hayo nauliza popote, mbele ya yeyote, kwa sababu dakika zake ni chache. Fungu la pili, la mimba, dawa za kila siku, pombe, virusi vya UKIMWI, kupigwa nyumbani, nalingoja hadi milango ya gari ifungwe, mradi hali ya mgonjwa inaruhusu. Mara nyingi inaruhusu. Kati ya sebule na gari ni hatua chache tu.

Lakini milango ikifungwa huwa yumo na ndugu. Nakumbuka mama mmoja aliyeanguka jikoni kwake (nimebadilisha mambo kadhaa hapa ili asitambulike). Kila nilichomuuliza mama, mumewe ndiye aliyejibu. "Hana ugonjwa wowote huyu, ni uchovu tu." Mama akanitazama mimi, kisha akautazama mkoba wake, kisha akafumba macho. Tulipompandisha nikamwambia mumewe, "Bwana, nakuomba ukae mbele na dereva. Piga simu nyumbani watafute kitambulisho chake na namba yake ya bima ya afya ya SHA, tukifika hospitali wataiulizia." Akaenda bila kinyongo, kwa kuwa alipewa kazi ya maana, na kweli namba hiyo ilihitajika. Nikafunga mlango. "Dada, hapa tupo wewe, mimi na mwenzangu basi. Ninalokuuliza ni kwa ajili ya matibabu yako." Akanyoosha mkono kwenye mkoba, akatoa kopo la vitamini. Ndani yake mlikuwa na ARV, dawa za virusi vya UKIMWI.

Tangu hapo ndugu wa mgonjwa wangu hukaa mbele. Mtoto mdogo namwacha na mzazi wake, na mgonjwa mwenyewe akitaka mtu wa kumshika mkono namruhusu. Kwa wengine ni kiti cha mbele na kazi ya kufanya. Ukimwambia ndugu "toka nje" anahisi umemfukuza na anashuku kuna jambo. Ukimpa simu ya kupiga anatulia, na mgonjwa anapata nafasi ya kusema.

Safari hiyo ilinifundisha pia namna ya kukabidhi. Kitengo cha dharura kina vitanda vilivyobanana, na mume alikuwa amesimama kichwani kwa mkewe. Nilimweleza sista kwa sauti umri, kilichotokea, presha, sukari, oksijeni na dripu niliyoweka. Nilipofika kwenye dawa, nikaweka kidole kwenye mstari wa fomu nilikoandika, nikasema, "Na hapa, sista." Akasoma, akaitikia kwa kichwa, akaendelea na kazi yake. Hakuna taarifa iliyopotea, na hakuna aliyesikia isipokuwa yeye aliyepaswa kujua.

Nalisisitiza hilo kwa wenzangu wapya, maana wapo wanaodhani kutunza siri ni kuificha hata kwa anayetibu. La hasha. Yule anayempokea mgonjwa lazima ajue kila kinachogusa matibabu. Binti mmoja aliwahi kunishika mkono wa shati akaninong'oneza kwamba amemeza vidonge kwa makusudi, akaniapisha nisimwambie mtu. Sikuapa. Nilimwambia, "Mdogo wangu, daktari nitamwambia, kwa sababu bila hivyo hawezi kukuokoa. Mama yako sitamwambia, hilo ni lako wewe." Alilia, akanitajia jina la dawa na wakati alioimeza, mambo mawili ambayo daktari aliyahitaji kuliko yote. Kwa miaka mingi wagonjwa wa namna hii walikuwa na hofu ya ziada, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai hapa Kenya. Walisema wameteleza, wamekosea chupa, kumbe wanaogopa polisi, na sisi tukatibu tukiwa gizani. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Nilifurahi sana siku hiyo.

Tukija kwa polisi, kwenye ajali ni wenzetu, na wana haki ya kujua majeruhi ni nani na tunampeleka wapi. Hayo nawapa. Wakiuliza kama dereva alikuwa amelewa, au kama msichana "ameharibiwa", najibu kwa upole: "Afande, hayo atayaandika daktari kwenye P3," yaani ile fomu ya polisi inayojazwa na daktari. Sijawahi kugombana na askari kwa jibu hilo, kwa kuwa ndiyo njia wanayoijua wenyewe.

Umati ndio mgumu. Kwenye barabara ya kutoka Changamwe, ajali ikitokea, simu zinainuliwa kabla ya mikono ya kusaidia. Mtu amelala amechanika nguo, damu inatoka, na picha yake iko mtandaoni kabla mama yake hajapata habari. Kubishana na wapiga picha kunakula muda wa mgonjwa. Njia niliyoipata ni kina mama. Naita kwa sauti, "Kina mama, leso jamani, tumsitiri huyu!" Huku kwetu Pwani neno hilo halirudiwi mara mbili. Wanakuja na leso zao, yaani kanga, wanasimama duara, migongo kwetu na nyuso kwa watu, na wao ndio wanaowakemea wenye simu. Nyuma ya leso zile nakata nguo, nakagua majeraha, nauliza yangu. Leso naziomba zishikwe juu zaidi mwanamke anapokuwa anajifungua, na hapo sina haja hata ya kueleza.

Redio ilinichukua muda zaidi kuizoea. Tulikuwa waangalifu kutotaja jina la mgonjwa, tukadhani imetosha. Lakini ukisema "mzee wa miaka 70, nyumba ya ghorofa mbele ya msikiti fulani, amepooza upande mmoja", nani wa mtaa huo hajajua? Jina ni sehemu ndogo tu ya kinachomtambulisha mtu. Sasa mahali pa kwenda tunatumiwa kwenye simu ya gari, na redioni tunazungumza umri, hali na dakika zilizobaki kufika. Sauti ya redio tunaipunguza tukiwa na mgonjwa, kwa sababu na yeye anasikia habari za wengine, na anafahamu kwamba za kwake zitasikika hivyohivyo.

Kisha kuna WhatsApp, na hapa nitasema kwa kirefu kidogo. Tulikuwa na kundi la kazi. Lilianza vizuri, kupeana zamu na kuambiana gari lipi lina mafuta. Taratibu zikaanza kuingia picha za fomu, picha za kipimo cha moyo zenye jina juu, hata picha za majeraha ili "tujifunze". Waliotuma hawakuwa na nia mbaya, wengi walitaka ushauri. Lakini simu nyingi huhifadhi picha za WhatsApp moja kwa moja kwenye galari, na galari ikapeleka nakala kwenye akaunti ya intaneti, na simu hiyohiyo jioni mtoto anachezea michezo nyumbani. Hata ukifuta ujumbe kundini, picha inaweza kubaki kwenye simu za watu.

Nilikwenda kwa msimamizi wetu na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Sikwenda kumtisha. Nilimwonyesha tu kwamba sheria inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa data nyeti, na kwamba data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mhusika, taasisi inapaswa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Nikamuuliza, "Mkuu, leo mmoja wetu akiibiwa simu kwenye feri ya Likoni, tutamjulisha nini? Tunajua hata ni wagonjwa wangapi wamo humo?" Alikaa kimya, kisha akafungua galari ya simu yake mwenyewe. Wiki hiyohiyo kundi likarudi kwenye zamu na mafuta. Anayehitaji ushauri wa kipimo cha moyo anapiga simu kwa daktari wa zamu, anakunja karatasi ili jina lisionekane, anapiga picha, anamtumia yeye peke yake, na wakimaliza wote wawili wanafuta mpaka kwenye galari. Tulizima pia ule mpangilio unaohifadhi picha moja kwa moja. Ni kazi ya sekunde chache kwenye simu, na sijui kwa nini haifundishwi siku ya kwanza ya kazi.

Wapo waliolalamika kwamba tunawanyima wahudumu haki ya kujua nani ana virusi "ili wajikinge". Hoja hii naichukulia kwa uzito kwa sababu hofu yao ni ya kweli, tunashika damu kila siku. Jibu langu ni glavu. Kinga ni kwa kila mgonjwa, awe mtoto wa shule au bibi wa miaka 80, kwa kuwa wengi wenye maambukizi hawajijui wenyewe. Anayevaa glavu kwa aliyeambiwa tu amejiacha wazi kwa wengine wote. Na ukichomwa na sindano, unakwenda hospitali upesi iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, unaanzishiwa dawa za kinga za siku 28. Utaratibu huo upo, unafanyika faraghani, na hauhitaji mtu kutangazwa kundini.

Fomu za karatasi tulizitatua kwa vitu viwili vya kawaida: jalada lenye kifuniko na kisanduku chenye kufuli nyuma ya kiti cha dereva. Kabla ya hapo zilikuwa zikikaa kwenye mfuko wa mlango wa gari, na gari linapopelekwa kuoshwa vijana wa kuosha wanazitoa, wanazipanga juu ya ukuta, upepo unazipeperusha. Niliwahi kuokota nakala moja kwenye maji ya sabuni, wino wake bado unasomeka vizuri kabisa. Siku hizi funguo huwa kwa kiongozi wa zamu, na gari haliendi kuoshwa kabla kisanduku hakijakaguliwa.

Sisemi kwamba siri haina mpaka. Nikimkuta mtoto mwenye alama za kupigwa mara kwa mara, nitawaambia wanaohusika. Nikibeba mgonjwa ninayemshuku ana kipindupindu, watu wa afya ya umma lazima wajue haraka, maana kisima anachochota ni cha mtaa mzima. Lakini hata hapo wanaambiwa wenye kazi hiyo, si duka la jirani.

Mtaani kwangu wameshazoea. Zamani nikitoka msikitini nilikuwa naulizwa, "Jana mlimbeba fulani, ana nini?" Nikawa na jibu moja kwa wote: "Mwendeeni mkamjulie hali, atafurahi." Silisemi kwa ukali. Nalijibu hata kama aliyeuliziwa sikumbeba mimi, kwa sababu nikianza kusema "huyo si mimi" basi siku nikinyamaza watajua ni mimi.

Lililobaki ni ofisi ya malipo. Wanahitaji fomu ili wadai bima, na fomu ile ina kila kitu, mpaka maneno mgonjwa aliyoninong'oneza njiani. Nimependekeza ukurasa wao peke yao: tarehe, gari, umbali, huduma iliyotolewa, saini. Mhasibu mwenyewe aliniunga mkono, akasema hapendi kusoma mambo yale. Msimamizi ameahidi kitabu kipya cha fomu kikichapishwa kitakuwa na ukurasa huo, na rasimu tayari ninayo mkononi.