Faili mfukoni: kumbukumbu ya mradi wangu wa kisahani

Machi, Alhamisi ya kwanza

Mradi wenyewe ni huu: kabla mwaka haujaisha nitie risasi tano ndani ya kisahani cha chai, mita 15, nimesimama, mkono mmoja. Kisahani nimekipima nyumbani, ni sentimita 14. Mama watoto alinikuta na rula mezani akauliza kama nafungua hoteli.

Bastola si yangu. Ni ya klabu ya kulenga shabaha, inalala ghalani nyuma ya kufuli mbili na haitoki bila daftari kusainiwa. Uganda hii mtu haamki tu akawa na bastola: Sheria ya Silaha za Moto ya 1970 inataka cheti, na tangu agizo la 2018 bunduki zinapelekwa kupigwa risasi za majaribio ili alama zake zihifadhiwe, kama vile mtu anavyochukuliwa alama za vidole. Mimi cheti sina, na sina haraka nacho. Nalipa ada, napanda taksi ya njia ya Bombo, boda inanimalizia kilichobaki.

Mwenye daftari ni mzee mstaafu wa jeshi. Ana jina lake lakini sote tunamwita Afande, na kiwanjani kwake ni Kiswahili mwanzo mwisho. Mimi nimekulia Bombo, Kiswahili nimekikuta nyumbani. Vijana wa Kampala ndio wanaopata shida; wao mtu akiwasemesha Kiswahili, kwanza wanamtazama miguuni kama amevaa buti za askari.

Machi, Alhamisi ya tatu

Mvua. Nimepiga kumi tu, muda uliobaki nimekaa chini ya mabati namsikiliza Afande akinieleza hii bastola, na leo ndiyo nimeielewa.

Ni Ruger Single-Six ya aina ya zamani. Kampuni ilianza kuitoa 1953, ikaipa umbo la zile Colt za 1873 ambazo kila mtu amewahi kuziona kwenye filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani. Tofauti ni kwamba hii inakula risasi ndogo, .22 Long Rifle. Mtutu wake hata kalamu ya Bic haipiti.

Ukubwa peke yake si kitu. Kilichonivutia ni mahali ilipo fataki, ile dawa ya kuwasha risasi. Risasi za bunduki kubwa zina fataki katikati ya kitako. Hii ndogo haina chochote katikati. Dawa ya kuwasha imepakwa ndani ya ule ukingo unaozunguka kitako, na nyundo ikiubana ukingo, dawa inawaka. Ganda likitoka linakuwa na kovu dogo pembeni, kama umelibonyeza kwa ukucha. Ukishalipiga ni takataka, hulijazi tena. Lakini risasi yenyewe ni rahisi kuliko ndugu zake, haipigi kelele za kukuziba masikio (tunavaa vizibo hata hivyo), wala haitikisi bega.

Kisha kuna mwendo wake. Kila risasi unavuta nyundo kwa kidole gumba mpaka mwisho, ndipo kifyatulio kinakuwa na kazi. Hakuna kurashia. Kujaza nako ni ibada: nyundo nusu, unafungua kimlango cha upande wa kulia, unazungusha silinda kwa vidole, tundu moja baada ya jingine. Afande ana wimbo wake: "Moja, ruka, nne." Yaani jaza tundu moja, ruka moja, jaza manne, vuta nyundo mpaka mwisho kisha uishushe polepole; itatua juu ya lile tundu tupu. Silinda ina matundu sita, ila sisi tunapiga tano. Hizi za zamani nyundo ikiwa chini inaikandamiza sindano, kile kipini kinachogonga risasi, moja kwa moja juu ya risasi; bastola ikianguka kwenye simenti inaweza kulipuka. Ruger waliliondoa tatizo hilo 1973 kwa kuweka kipande cha chuma ambacho hakipandi mpaka kifyatulio kivutwe. Yetu ni ya kabla ya hapo, kwa hiyo tano.

Aprili

Chini kushoto. Wiki zote nne, chini kushoto.

Lengo langu ni karatasi ya mfuko wa simenti, nimechora duara la kisahani kwa mkaa. Matundu yamejaa nje ya duara, upande wa saa moja na saa mbili, kama kuku aliyekataa kuingia bandani. Nimebadilisha miwani. Nimebadilisha kusimama. Nimelaumu risasi, nimelaumu jua la saa kumi.

Mei

Sasa nimejua tatizo ni nini: ni bastola. Ile shabaha ya mbele, kile kijembe kinachosimama mwishoni mwa mtutu, ni kirefu mno. Kijembe kikiwa kirefu unalazimika kuinamisha mtutu ili uone kilele chake, risasi inakwenda chini. Dawa yake inajulikana, unakipunguza kwa faili, ile tupa ya kunolea chuma, kidogo kidogo mpaka risasi ipande. Hapo sikukosea hata neno moja, na ndiyo maana nilijiamini vile.

Juni, Alhamisi ya pili

Niiandike hii yote kabla sijaanza kujipendelea.

Nilikwenda na faili ndogo, nimeizungushia ukurasa wa gazeti la Bukedde, iko mfuko wa koti. Nilimweleza Afande nadharia yangu. Akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lingenitia wasiwasi kama ningekuwa na akili.

"Hiyo mfukoni ni ya nini?"

"Faili, Afande. Nikipunguza kidogo tu pale mbele…"

"Chuma kikiondoka, mwanangu, kinarudi?"

"Hakirudi, Afande."

"Basi piga tano kwanza. Mimi nitatazama."

Ya kwanza chini kushoto. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu iligoma. Risasi hizi za ukingo hufanya hivyo mara mojamoja. Dawa haikuenea sawa ndani ya ukingo, nyundo inapiga mahali pakavu. Tak, kimya. Sheria ni kuushika mtutu uelekee kwenye tuta na kuhesabu thelathini, maana inaweza kuwa imechelewa tu.

Nilihesabu. Lakini nilikuwa nimeshaona, na Afande alikuwa ameona. Bastola haikulipuka, hakukuwa na moshi wala kishindo, na bado mtutu ulikuwa umeinama. Uliinama wenyewe, chini kushoto, kama mbuzi anayekunywa maji. Ni mkono wangu huo. Ulikuwa unaujibu mlipuko kabla haujatokea, na mlipuko wenyewe ni wa kirisasi ambacho hata watoto wa klabu hawakiogopi.

Afande hakusema kitu. Risasi iliyogoma akaitia kwenye ndoo yake ya mchanga, akachukua bastola, akanigeuzia mgongo, akajaza tatu nzima na maganda mawili matupu, akazungusha ili nisijue lipi liko wapi. Nikapiga. Zile tatu, chini kushoto. Yale mawili, mbuzi akanywa maji mara mbili mbele ya watu wanne. Mmoja wao, kijana wa Nateete, alikohoa kwa heshima.

Faili ikarudi mfukoni. Kama bastola ingekuwa yangu, iko kwangu, hakuna mtu wa kuniuliza ya nini, leo ingekuwa na kijembe kifupi na mimi ningekuwa na tatizo lile lile, tena juu yake bastola inayopiga juu.

Julai

Afande amenipunguzia risasi. Kumi na mbili kwa siku badala ya ishirini na tano, na kabla yake nusu saa ya kupiga bila risasi.

Hapo kuna jambo. Bastola ya risasi za ukingo ya zamani namna hii usiipige tupu ovyo: sindano haina ganda la kupokea, inaweza kugonga mdomo wa tundu na kuutia kovu, baadaye maganda yanakwama. Nilinunua sokoni Kikuubo plagi za plastiki za ukutani, zile za kushikia skrubu. Niliacha zile zilizohitaji kulazimishwa, nikatumia zilizoingia taratibu. Zinapokea kipigo vizuri, na zikichakaa natupa.

Zoezi ni la kuchosha mpaka aibu. Naweka kisoda cha Pepsi juu ya mtutu, karibu na kijembe. Vuta nyundo, pumua, kamua kifyatulio kama unavyokamua nyanya kujua kama imeiva. Kisoda kikianguka, anza upya. Siku ya kwanza kilianguka mara kumi na tisa kati ya ishirini. Nimeandika kwa sababu nimeahidi kuandika.

Agosti

Kisoda kimeanguka mara sita kati ya ishirini. Kwenye karatasi, tatu ndani ya kisahani, na mbili zilizotoka hazikutoka upande mmoja. Sijawahi kufurahia risasi zilizokosa kama hizo: moja juu, moja kulia.

Usafi kidogo. Baada ya risasi mia hivi matundu ya silinda yanashika masizi na maganda hayataki kutoka kwa kijiti. Brashi na mafuta kidogo, yanalegea. Na mikono tunaosha kwa sabuni kabla ya chai, risasi hizi ni za madini ya risasi na vumbi lake halina urafiki na tumbo.

Septemba

Nilikuwa na malaria wiki mbili. Hakuna cha kuandika.

Oktoba, Alhamisi ya mwisho

Nne ndani, ya tano imeukata mstari. Mimi nasema imo, kijana wa Nateete anasema haimo, Afande amekwenda kunywa chai bila kutoa hukumu.

Kufariji mkono tulimalizia na makaa. Unachagua vipande vya ukubwa wa yai, unavifunga uzi, unavining'iniza kwenye kijiti mbele ya tuta la udongo mwekundu. Chupa hatupigi, vigae vinabaki ardhini na watu wanalima jirani. Mkaa ukipatikana haudondoki, unapotea: kiwingu cheusi, uzi unabaki unacheza peke yake. Nilipata vitatu kwa risasi tano, mkono mmoja, na cha tatu nilikuwa nimeshapumzisha kidole kabla sijajua kuwa imetoka.

Mama watoto amesema mkaa wa gunia lake ukipungua tena atakuja kiwanjani mwenyewe. Faili anayo yeye, ananolea jembe.