Miwa Haingoji Mtu

Nauli ya Nakuru–Kisumu nililipa yote, shilingi elfu moja, lakini makanga akatushusha Awasi: tumebaki wanne, gari linageuza. Chenji, hakuna. Bodaboda hadi Miwani ikala mia tatu nyingine.

Kiwanda cha sukari cha Miwani, cha kwanza nchini, kilianza 1922. Sasa ni kutu na kimya. Kinachonguruma ni kinu cha sukari guru, kibanda cha mabati kilichojaa moshi.

Injini ya dizeli inazungusha rola tatu za chuma. Zikilegea, makapi hutoka yangali na maji, na hasara ni mara mbili, maana hayo makapi yakishaanikwa ndiyo kuni. Maji ya miwa hutiwa chokaa kidogo kupunguza uchachu. Ikizidi, sukari inakuwa nyeusi. Povu linaenguliwa bila kupumzika. Kipimajoto hakipo: mpishi hudondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi, likishikana kama goroli, basi imefika nyuzi 118 hivi, moto unatolewa. Kilo mia za miwa hutoa kama kilo kumi.

Siku hiyo uji wa maji ya miwa yaliyochemshwa uligoma kuganda. Miwa ilikatwa juzi, trekta likazama kwenye udongo mweusi wa uwanda wa Kano. Ikipita siku nzima tangu panga, sukari yake inaanza kuvunjika kuwa sukari isiyofanya chembe. Chemsha mpaka jioni, utapata gundi.

Kwa hiyo kiwanda lazima kifuate shamba, tena karibu na reli. Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, na Wahindi, walionyimwa nyanda za juu zilizotengewa Wazungu, wakapewa ardhi kule Kibos, wakapanda miwa. Kiwanda kikubwa huchemshia ndani ya sufuria iliyonyonywa hewa, nyuzi 60 hadi 70 tu, sukari isiungue. Kisha pipa linalozunguka kwa kasi hutenga chembe na molasi. Mitambo ya uzito huo haibebwi na mkokoteni wa ng'ombe.

Kwetu Nakuru mambo yalikuwa mepesi. Mlowezi Mwingereza Lord Delamere alipoanzisha kampuni ya kusaga nafaka ya Unga 1908, ngano ingeweza kulala guniani miezi ikisubiri behewa.

Ule uji ukamiminwa kwenye madebe. "Wapika chang'aa watachukua," mpishi akasema, "kwa nusu bei."