Maboksi ya sabuni yalivyoniokoa kwenye DNA

Nilipaswa kufundisha DNA, molekuli inayobeba urithi. Umbo lake ni kama ngazi iliyosokotwa: kila kipandio ni besi mbili zilizoshikana, na besi zipo nne, A, T, G na C. Mwalimu aliyenitangulia kazini aliniambia, "Mdogo wangu, usijitese. A na T, G na C, wakariri waende zao mtihani." Mkubwa akisema unatii. Nikatii.

Wiki haikuisha, kijana mmoja wa kidato cha sita akauliza: kwa nini A isishikane na G? Nikajibu, ndivyo ilivyo. Darasa likanyamaza, ule ukimya wa kumhurumia mtu. Na hapo nilishawaambia kwamba kila besi ni robo ya DNA. Uongo mtupu! Kwa binadamu A na T ni karibu asilimia 30 kila moja, G na C karibu 20. Kilichonifariji ni kwamba Levene, mkemia wa kuheshimika, naye aliamini robo robo hizo, mpaka mkemia mwingine, Chargaff, alipopima DNA ya viumbe mbalimbali na kuandika mwaka 1950 kwamba A hulingana na T, na G na C, ila A na G hazidaiani kitu.

Nikaomba maboksi ya sabuni dukani, nikanunua waya wa kufungia nondo na gundi. Haikuzidi elfu tano, nadhani. Gundi ndiyo iliyonila. A na G zina pete mbili za atomi, nikazikata ndefu. T na C zina pete moja, fupi. Kisha, kwa akili zangu, nikaoanisha pacha na pacha: A kwa A, T kwa T. Ngazi ikavimba hapa, ikabana pale, kama chatu aliyemeza mbuzi. Usiku mzima nikilaumu waya! Baadaye nikasoma kwamba Watson naye, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, Cambridge mwaka 1953, alijaribu pacha kwa pacha, mpaka mkemia Jerry Donohue akamwambia maumbo ya besi aliyotoa vitabuni si sahihi. Watson akakata maboksi kama mimi. Yeye akapata Nobel, mimi malengelenge ya mkasi.

Ndefu kwa fupi, ngazi ikanyooka. Lakini A na C nazo ni ndefu na fupi, sivyo? Hapo ndipo ninapojisifu: vijiti vya meno. Viwili kwenye A na T, vitatu kwenye G na C, ndivyo vifungo vya haidrojeni vinavyoshikanisha besi, na matundu nikatoboa kwa idadi hiyo hiyo. Ukilazimisha A kwa C, tundu moja linabaki wazi, na kila mtu analiona. Msipake gundi kwenye vijiti. DNA yenyewe hufunguka ikijinakili.

Mwezi uliofuata nikawategea swali: kirusi phiX174, A takriban asilimia 24, T takriban 31. Wengi wakadai nimekosea kuandika. Binti wa dawati la nyuma akaja mbele, akachomoa vijiti kimoja kimoja, akaninyanyulia upande mmoja wa ngazi.

"Mwalimu, huyu ana uzi mmoja tu."