Siku Niliyobadilishiwa Farasi

Katika chumba cha matandiko cha skuli yetu ya kupanda farasi kuna ubao ambao mwalimu huandika kwa chaki nani atampanda nani. Kwa muda mrefu sikuwa na haja ya kuusoma. Jina langu lilikuwa pale, na mkabala wake Tausi, basi. Jumamosi iliyopita mkabala wake paliandikwa Jembe.

“Tausi ametoka kiatu cha mguu wa mbele,” saisi akaniambia kabla sijauliza. “Fundi wa kwato anakuja Jumatatu. Leo uko na Jembe, Daktari.”

Mimi si daktari, ni mfamasia. Lakini ukivaa koti jeupe nyuma ya kaunta Nairobi, utaitwa daktari hadi siku ya kuzikwa. Na mimi humwita Mzee, kwa sababu ni mtu mzima na amekaa na farasi tangu mimi niko madrasa.

Tausi ni jike la makamo, kijivu aliyekwisha kuwa karibu mweupe, mfupi, mpana wa mgongo. Amewafundisha watoto ambao sasa wako chuo kikuu. Mwalimu akitamka “troti,” yaani mwendo wa mbio ndogo, Tausi ameshaondoka kabla mguu wangu haujamgusa ubavu. Mwalimu akisema “simama,” anasimama, nami ndiyo kwanza nafunga vidole kwenye hatamu. Kwa hiyo nilikuwa mpanda farasi hodari sana.

Tena sikuja hapa mikono mitupu. Ni mtoto wa Langoni, Lamu, na kwetu punda hupandwa kabla hata meno ya utoto hayajang'oka. Punda wetu unamkalia nyuma kabisa, karibu na mkia, miguu inaning'inia, hakuna tandiko wala vikuku vya kutilia miguu. Una kijiti mkononi na sauti ya kupiga “habedari!” kwenye vichochoro ambavyo watu wawili wakipishana mmoja hugeuza bega. Siku za Maulidi vijana hushindana mbio za punda ufukoni, mji mzima umesimama ukutani kutazama. Mwalimu wangu wa hapa Karen, Nairobi, alihangaika kunitoa kule nyuma na kunileta katikati ya mgongo, magoti yashuke, visigino vishuke zaidi. Mama nilipomweleza kwa simu kwamba ninajifunza kupanda farasi, alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Farasi? Na punda huku wamekwisha, mwanangu?” Bei ya somo sikumwambia. Wala siiandiki hapa, maana mke wangu husoma.

Turudi kwa Jembe. Ni mrefu, rangi ya kahawia iliyokoza, singa za shingoni na mkia nyeusi tupu, na mwembamba kwa namna ya wakimbiaji: unaona mishipa ikipita chini ya ngozi. Nilikisia karibu kilo 500. Alikuwa akikimbia pale uwanja wa Ngong Road, ule uliofunguliwa 1954, na alipoacha kushinda akauzwa. Farasi wengi wa skuli za Nairobi wana historia hiyo. Ni wa ile koo ya mbio ambayo ukifuata nasaba yake upande wa madume unaishia kwa madume watatu tu waliopelekwa Uingereza kutoka nchi za mashariki, miaka mia tatu hivi iliyopita. Karne zote hizo watu wamechagua kitu kimoja: nani anawahi mbele. Halafu mnyama huyo huyo anapewa mfamasia.

“Jambo moja tu nikwambie,” Mzee akasema huku akimfunga ukanda wa tumbo. “Huyu ukimvuta, anadhani umemwambia twende.”

Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeelewa maneno.

Mwalimu alinitaka nimwamkie kwanza, nisimparamie. Farasi macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu duara zima, lakini mbele ya paji la uso hapo hapo, na nyuma ya mkia, haoni. Kwa hiyo ukienda usoni moja kwa moja na mkono mbele, mkono unapotea machoni mwake kisha unamgusa. Nilikwenda kwa upande wa bega, nikamwachia mgongo wa mkono anuse. Tundu za pua zikapanuka, zikanivutia hewa ndani, moto wake ukapita kwenye vidole. Akanusa mkono wa shati, akanusa mfuko, akapanda hadi kwenye helmeti, akaipuliza. Sikio moja lilikuwa kwangu, jingine lilibaki nje kwa mtu aliyekuwa akikokota mkokoteni wa samadi. Kisha akageuza kichwa pembeni. Sikujua kama nimepita au nimekataliwa.

Mzee akamtembeza hatua chache, kisha akakaza tena ukanda wa tumbo tundu mbili. Hili hulifanya kwa kila farasi: wakifungwa mara ya kwanza huyavimbisha matumbo, na asiyerudia kukaza atajikuta yeye na tandiko wamehamia ubavuni.

Kipandio cha skuli yetu ni ngazi fupi ya mbao. Tausi husimama hapo, ukitaka ukapande na chai yako. Jembe alipofika alisimama mradi mimi sijaweka mguu kwenye kikuku, na nilipouweka tu akaanza kuondoka. Kumbe si utundu. Kwenye mbio mpandaji hurushwa juu na mtu aliyemshika mguu, farasi akiendelea kutembea. Katika maisha yake ya kwanza hakuna aliyemwambia kwamba kupandwa ni kusimama. Mzee akamshika, mwalimu akasema, “Usimwangukie mgongoni, Daktari. Kaa kama mtu anayekaa karibu na mgonjwa.” Nikashuka polepole kwenye tandiko, na mgongo wake ukainuka kidogo kunipokea, ukatulia.

Hatua yake ya kawaida tu ilikuwa ndefu kuliko troti ya Tausi. Nyonga zangu zilipelekwa mbele na kurudishwa kama niko juu ya jahazi linalopanda wimbi la Mlango wa Manda, na kichwa chake kilikwenda na kurudi kikitaka mikono yangu ikifuate. Kwa Tausi mikono yangu hukaa mahali pamoja, kwa sababu shingo yake nayo hukaa mahali pamoja.

Uwanja wetu wa mazoezi ni meta 20 kwa 40, na pembeni zimebandikwa herufi, A, K, E, H, C, M, B, F, kwa mpangilio ambao mtu mwenye akili zake asingeupanga. Tulipofika K mwalimu akasema tujiandae kwa troti. Nikafanya ninavyofanya siku zote: nikabana miguu yote miwili. Kwa Tausi kubana ni kubisha hodi, na hodi ya kwanza haiitikii. Kwa Jembe haikuwa hodi. Wapanda mbio huvifupisha vikuku hadi magoti yanakaribia kifua, kwa hiyo farasi hawa wanakua bila kuzoea mguu mrefu unaowashika ubavuni. Mashavu ya miguu yangu kwake yalikuwa kitu kikubwa mno. Tukaondoka. E ikapita, H ikapita. Mkono wangu wa Lamu, ambao haujui jambo jingine, ukavuta.

Na hapo nikaelewa yale maneno ya Mzee. Sikuyaelewa kwa kichwa, bali kwa mabega, maana nilihisi Jembe akiegemea chuma cha lijamu, akakipokea, akaongeza. Mpanda mbio huishika hatamu kwa nguvu, farasi akapata pa kuegemea, na wote wawili wakakimbilia hapo. Kadiri nilivyovuta ndivyo nilivyompa egemeo. Alikuwa akitii. Mimi ndiye niliyekuwa nikiamrisha nisichokitaka.

“Legeza!” mwalimu akaita kutoka katikati. “Mkono mmoja legeza, mwingine mpe duara. Toa pumzi. Yote!”

Kutoa pumzi juu ya farasi anayeongeza mwendo ni jambo gumu kuliko kubadilisha dini. Lakini niliitoa, tumbo likaingia, makalio yakazama kwenye tandiko, na nikamwelekeza kwenye duara pale C. Duara lina kazi yake: farasi hawezi kunyooka na kuwahi mbele huku amepinda ubavu. Mzunguko wa kwanza ulikuwa yai. Wa pili ulikuwa kitu kinachokaribia duara. Katikati ya huo wa pili akashusha shingo, akapumua kwa kelele puani, na sikio moja likaja nyuma kwangu likakaa.

Sikio hilo ndilo ninalotaka kuliandika. Tausi hajawahi kuniletea sikio. Lake liko kwa mwalimu tangu anatoka bandani, na hukumu yangu ni kwamba kwa miezi yote ile mwalimu ndiye aliyekuwa akimpanda Tausi, kwa mdomo, mimi nikiwa abiria. Jembe hakuwa na habari na neno “troti.” Alikuwa na habari na uzito wangu tu. Nikiegemea kulia kidogo kuangalia kama mwalimu anaona, alikwenda kulia. Nikishika pumzi, alikaza mgongo. Kila kitu nilichosema na mwili alikijibu, na nilikuwa nikisema mengi kuliko nilivyojua.

Basi tukaanza upya, kwa kupunguza. Vidole vifunge na vifunguke kama mtu anayekamua sifongo, mkono usirudi nyuma. Miguu ikae, isimbane wala isimkimbie. Kuinuka na kukaa kwa kufuata bega la nje, na ukitaka aende polepole, inuka polepole kuliko yeye. Hili la mwisho lilinishangaza lilipofanya kazi. Nilichelewa hewani nusu nukta, naye akanisubiri.

Kisha ndege kwarara akaruka kutoka kwenye ua, na anayeishi Karen anajua kwarara hawaruki kimya. Jembe alihama hatua moja nzima kwenda kando, mimi nikabaki nilipokuwa, yaani hewani, halafu tandiko likarudi likanikuta. Nilishika singa kwa mkono mmoja, jambo ambalo mwalimu amekuwa akitufundisha na ambalo wanaume wazima tunaliona aibu. Shikeni singa. Hazimuumizi, na si mdomo wake.

Wakati wote huo kichwani mwangu kulikuwa na michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021. Kwenye pentatloni ya kisasa, shindano la michezo mitano kwa pamoja, wanamichezo walikuwa wakipewa farasi wasiowajua kwa kura, na dakika 20 za kuzoeana, kisha waruke vizuizi mbele ya dunia. Mjerumani Annika Schleu alikuwa akiongoza, kura ikampa farasi aitwaye Saint Boy, aliyekataa kabisa. Tulimwona akilia juu ya tandiko huku akimchapa, na kocha wake akafukuzwa kwenye mashindano kwa kumpiga yule farasi ngumi. Akamaliza wa 31. Sehemu ya farasi imeondolewa kwenye mchezo huo, na Paris 2024 ilikuwa mara ya mwisho. Nilipotazama wakati ule nilikuwa mwepesi wa kusema angetulia tu. Dakika 20! Mimi kwa dakika 20 nilikuwa sijamaliza kupata duara, na hakuna kizuizi hata kimoja mbele yangu. Bado nasema kumpiga hakukuwa na udhuru. Lakini wenye mchezo waliojenga kanuni ile walikuwa wakifanya kamari na wanyama, na imechukua muda mrefu mno kuiacha.

Lawama nyingine ndogo, hii ya kwetu: skuli zinatuacha na farasi mmoja muda mrefu kupita kiasi. Najua sababu. Mteja mwenye furaha hurudi, na Tausi hutoa wateja wenye furaha. Lakini mtoto anayejifunza kuendesha mashua Lamu hubadilishiwa mashua mapema, kwa makusudi, ili ajue kipi ni upepo na kipi ni tabia ya ubao.

Kanta, mwendo wa kasi kuliko troti, hatukufika; mwalimu alisema jua limeshuka. Farasi wote huingizwa bandani kabla ya magharibi, kwa sababu ya visubi. Wadudu hao wadogo huuma jioni hadi alfajiri, nao hueneza ule ugonjwa wa farasi wa Afrika ambao pundamilia huubeba bila hata kukohoa na farasi hufa nao. Huchanjwa, lakini Mzee haamini chanjo peke yake. Punda nao mara nyingi huuhimili. Ndiyo sababu mojawapo Lamu, kwenye joto na visubi, mama yangu ana punda mlangoni na hana farasi.

Nilimvua tandiko mwenyewe. Jasho lilikuwa limechora umbo lake mgongoni, na Mzee alilikagua kwa mkono mzima, kushoto na kulia, akaridhika kwamba lilikuwa sawasawa pande zote. “Hukukaa upande,” akasema. Nimepata vyeti vilivyonifurahisha kidogo kuliko hayo.

Somo lijalo mwalimu amesema Jembe tena, bila vikuku. Mapaja yamenilemea tangu Jumapili, mahali ambapo Tausi hajawahi kupafikia. Jumatatu alikuja mteja, fundi ujenzi, akataka dawa ya kupaka ya maumivu ya misuli, akauliza ipi inafanya kazi kweli. Nikamuuzia ile ile niliyokuwa nimejipaka, na aliponusa hewa ya kaunta hakuhitaji maelezo zaidi.